Moyo paa! Kisa cha mjomba wa Mkata aliyetundika vidonge ukutani

UNAKUMBUKA siku ile ulipomwona kwa mara ya kwanza? Usijifanye hujui namzungumzia nani. Umesimama zako kituoni, huna hili wala lile, mara anashuka kwenye daladala, anakutupia jicho moja tu la pembeni, na huku kwako kifuani, paa! Moyo unadunda kama ngoma ya harusi, viganja vinatoka jasho, ulimi unakuwa mzito kama umekula embe bichi. Washikaji wanasema 'umezimika'. Mimi nasema hapana bwana, hujazimika, umewashwa. Na aliyekuwasha siyo yeye, yuko humo humo ndani ya moyo wako, na ni mdogo kiasi kwamba hata hiyo darubini ya maabara ya shule yenu isingemwona.

Nimemtafuta huyo mtu karibu mwezi mzima, na safari ya kumtafuta ilinifikisha Mkata.

Mkata ipi? Wale wa mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha wanaijua. Ukishaiacha Chalinze, ukavuka Wami, ukapita Mbwewe na Manga, unaingia wilaya ya Handeni, na Mkata hiyo hapo barabarani, ndipo inapochepuka ile barabara ya lami ya kilomita 54 kwenda Handeni mjini. Wengi wetu tunaijua kwa dirishani tu. Basi linapunguza mwendo, vijana wanalivamia, machungwa juu, mahindi ya kuchoma juu, maji juu, unanunua, unasahau.

Safari hii mimi nilishuka. Na kitu cha kwanza nilichokiona nikiwa hata begi sijaliweka vizuri begani, ni kijana mmoja mwembamba akilifukuza basi lile lile nililoshuka. Kisa, abiria kachukua machungwa, hela bado iko mkononi, na dereva keshaondoa gari. Alikimbia huyo, ndala moja kaiacha nyuma, mpaka noti ikadondoshwa dirishani. Akaiokota, akashika magoti, anahema kama mbwa wa mchana. Nikaangalia saa, kwa umbea wangu tu. Dakika mbili hazijafika, tatu kidogo, jamaa kanyooka, kaifuata ndala yake, na anapiga kelele za machungwa kwa basi jingine kama vile hakuna kilichotokea.

Hebu kishike hicho kitu kichwani, tutakirudia. Moyo ulipanda, kazi ikafanyika, moyo ukashuka. Kushuka ndiko kwenye maneno.

Kilichonipeleka Mkata siyo machungwa. Ni mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba alikuwa dereva wa malori, miaka ishirini na kitu barabarani, Tunduma anaijua, Rusumo anaijua, kila kona ya Kitonga anaijua kwa jina lake. Presha alikuwa nayo siku nyingi, ila yeye presha alikuwa anaitibu kwa kukaa kivulini. Mwaka jana miguu ikaanza kuvimba, akipanda ngazi tatu anakaa, usiku halali mpaka aweke mito mitatu, akilala chali anakabwa. Akapelekwa hospitali moja, wakampima, wakasema moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Ana miaka 56.

Msije mkadhani mjomba ni wa peke yake. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 427 ambao mioyo yao imeshindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na kwa asilimia 45 yao chanzo kilikuwa presha. Miaka 55 jamani, hiyo siyo babu, huyo ni baba yako anayekulipia kodi ya chumba.

Basi mjomba akapewa dawa, kati yake kikiwemo kidonge kiitwacho kavedilolo. Wiki mbili za mwanzo akawa mchovu, mwili mzito, mapigo ya moyo yameshuka. Akaja jirani, hawa majirani wenye udaktari wa kuzaliwa nao, akakisoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi, akaguna, akasema: "Hiki kidonge kinapunguza kasi ya moyo. Wewe moyo wako mdogo wa nguvu, na wao wanakupunguzia tena? Hao wanakuzima taratibu."

Mjomba akachukua mfuko wa rambo, akaweka dawa zote, akaufunga fundo, akautundika kwenye msumari ukutani, pembeni ya kalenda. Mkewe ndiye aliyenipigia simu. "Njoo uongee na mjomba wako, wewe si ndiye msomi wa magazetini?"

Msomi! Mimi fom foo liva, baiolojia nilipata D, na mwalimu alisema hata hiyo D nimebahatisha. Ila swali la jirani lilinikera kwa sababu lilikuwa swali zuri. Kweli, mtu ana moyo dhaifu, unampaje dawa ya kuulegeza? Kabla ya kupanda basi nikamtafuta mshikaji wangu mmoja anayesomea udaktari, nikamlisha chipsi mayai siku tatu mfululizo, naye akanielekeza nini cha kusoma. Haya ninayokueleza yamenigharimu.

Tuanze na pampu. Siyo ya moyo, ya maji. Mambo ya maji Handeni mnayasikia wenyewe, haina haja ya kusimulia. Karibu na kwa mjomba kuna pampu ya mkono, ile ya mpini mrefu, na jioni niliyofika nilimkuta mama mmoja anapiga maji huku mtoto wake wa kama miaka minne kaukalia mpini, hataki kushuka. Mama anasukuma, mtoto anapanda na kushuka anacheka, maji yanatoka kwa kudondoka. Mama kachoka, kafungua pindo la kanga, katoa pipi. Mtoto kashuka mbio, na pampu ikaanza kutema maji kwelikweli. Pipi ilipokwisha, mtoto kapanda tena.

Nilisimama pale nikacheka peke yangu, watu wakanitazama. Maana huyo mtoto ndiye niliyekuwa namsoma mwezi mzima!

Ndani ya kila chembe ya msuli wa moyo kuna ghala la kalsiamu, ile ile ya kwenye chokaa na mifupa. Kila pigo la moyo linaanzia hapo: umeme unapita, kalsiamu kidogo inaingia kutoka nje, hiyo kidogo inafungua ghala, kalsiamu nyingi inamwagika, inakamata protini moja iitwayo troponini, na nyuzi za msuli zinavutana. Moyo umekaza, damu imetoka. Sasa ili moyo ulegee ujaze damu nyingine, ile kalsiamu yote lazima irudishwe ghalani. Anayeirudisha ni pampu. Na juu ya hiyo pampu kakaa mtoto, protini ndogo sana yenye viungo 52 tu, jina lake fosfolambani. Akikaa, pampu inakwenda polepole. Akishuka, pampu inapiga kazi.

Na pipi je? Pipi ni fosfati. Kipande kidogo cha kemikali, fosforasi moja na oksijeni zake chache, kina chaji ya umeme. Protini yoyote kazi yake inatokana na umbo lake, na ukiibandika kitu chenye chaji, umbo linageuka, kama vile ukivaa kiatu chenye kokoto mwendo wako unavyobadilika. Fosfolambani ikibandikwa fosfati mahali pake, kiungo cha 16, inaiachia pampu. Wataalamu wanaliita tendo hilo fosforilesheni, neno la kuvunja meno, sisi tutasema kubandika.

Anayebandika anaitwa kinasi, ni kimeng'enya, fosfati anaitoa kwenye ATP, ile mafuta ya taa ya mwili. Na yuko mwenzake, fosfatasi, kazi yake ni moja tu, kupita nyuma akibandua. Mmoja anagawa pipi, mwingine anapokonya. Muda wote, usiku na mchana, na wewe umelala zako.

Sasa rudi kituoni, kwa yule wa daladala. Jicho limeona, ubongo umeshtuka, mishipa ya fahamu na zile tezi zilizokaa juu ya figo zimemwaga adrenalini na ndugu zake. Adrenalini haiingii ndani ya chembe ya moyo, inagonga mlangoni, kwenye vipokeo viitwavyo beta. Ndani, mlinzi anapeleka taarifa, taarifa yenyewe ni kemikali iitwayo AMP ya duara, hiyo inamwamsha kinasi, na kinasi akiamka anaanza kubandika kila anachokikuta. Milango ya kalsiamu inabandikwa, inaingiza zaidi. Troponini inabandikwa, inaiachia kalsiamu upesi. Fosfolambani inabandikwa, inashuka mpinini. Paa! Hiyo ndiyo 'kuzimika' yako. Kumbe mapenzi ni fosfati. Nisiwaharibie, lakini ndivyo ilivyo, na ukifukuzwa na mbwa mambo ni hayo hayo.

Kuna kitu hapo nilikirudia mara mbili kabla hakijaniingia. Sisi tunadhani moyo ukienda mbio kazi kubwa ni kukaza. Sivyo. Hesabu mwenyewe: mapigo 180 kwa dakika maana yake pigo moja lina theluthi ya sekunde, na ndani ya hiyo theluthi lazima ukaze, ulegee na ujae damu. Moyo usiojua kulegea haraka utakuwa unakaza hewa. Kwa hiyo mtoto akishuka mpinini anafanya mawili kwa mpigo: kalsiamu inazolewa upesi, moyo unalegea upesi, na kwa kuwa ghala limejaa zaidi, pigo linalofuata linakuwa na nguvu zaidi. Tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wetu, kijana wa miaka 20, alitoka mbele tangu mlio wa bunduki na kuwaacha wenzake wakimkimbiza mita 1,500 nzima, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Watu wanasifia miguu. Mimi siku hizi nasifia jinsi moyo ule ulivyokuwa unalegea.

Haya yote yaligunduliwaje? Kwa uchafu, msomaji wangu, na sisemi utani. Miaka ya 1882 na 1883 huko London, daktari Sydney Ringer alikuwa akichezea mioyo ya vyura kwenye maji ya chumvi. Mioyo ikawa inapiga vizuri tu. Baadaye akagundua kwamba maji yake hayakuwa yale safi ya maabara aliyoyadhani, yalikuwa ya bomba la mjini. Alipotumia maji safi kweli, mioyo ikasimama. Kilichokuwemo kwenye maji ya bomba ni kalsiamu. Ndiyo dunia ikajua moyo hauendi bila hiyo kitu.

Miaka kama sabini baadaye, Seattle, Marekani, jamaa wawili, Edwin Krebs na Edmond Fischer, huyu wa pili kazaliwa Shanghai na kukulia Uswisi, walikuwa wanahangaika na kimeng'enya kimoja cha msuli wa sungura. Wakiichuja ile supu ya msuli kwa karatasi ya kuchujia, kimeng'enya kinatoka kikiwa macho. Wakiachana na karatasi wakaizungusha supu kwenye mashine, kinatoka kimelala. Karatasi ina uchawi gani? Ilikuwa na mabaki ya kalsiamu, tena! Kalsiamu ilikuwa inamwamsha kinasi aliyekuwemo kwenye supu, naye kinasi anabandika fosfati. Walitoa habari hizo mwaka 1955. Nobeli yao wakaipata mwaka 1992, miaka 37 baadaye, Krebs na Fischer wote wazee. Fischer alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 101, kwa hiyo kusubiri alikuwa anakuweza. Na huyo mtoto wetu wa mpinini alipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kundi la Arnold Katz huko New York, akiwemo Mjapani Michihiko Tada, na jina walilompa limetoka kwenye neno la Kigiriki la kupokea. Mpokea fosfati. Mpokea pipi.

Usiku ule, baada ya ugali na mlenda, nikamsimulia mjomba yote haya. Nilitumia kikombe, kijiko na kibiriti. Alisikiliza kimya, kiungwana, mgongo kauegemeza ukutani chini ya ule mfuko wake wa rambo. Nilipomaliza akasema:

"Sawa mpwa wangu. Sasa mimi moyo wangu pampu haizoi. Si ndiyo wangenipa pipi nyingi? Mbona wamenipa dawa ya kumzuia mgawa pipi?"

Nakuambia nilijisikia raha, maana hapo ndipo na mimi nilipokwama, na ndipo mabingwa wenyewe walipokwama.

Kwa sababu walijaribu hivyo hivyo. Kuna dawa iitwayo milrinoni, inazuia ile taarifa ya ndani, AMP ya duara, isiharibiwe, kwa hiyo kinasi anakaa macho na kubandika kunazidi. Moyo dhaifu ukipewa, unakaza zaidi. Wakafikiri wamepata. Wakawachukua wagonjwa 1,088, nusu wakapewa vidonge hivyo, nusu vya bandia, wote wakiwa kwenye dawa zao za kawaida. Majibu yalitoka mwaka 1991: waliomeza milrinoni walikufa kwa wingi zaidi, kwa asilimia 28. Wahenga wa pwani walishasema punda afe mzigo ufike, ila hapa punda ndiye mgonjwa.

Kwa nini? Moyo ukiwa dhaifu, mwili wenyewe unaona damu haitoshi, unaanza kumwaga adrenalini na ndugu zake mchana kutwa, usiku kucha. Kidogo kidogo siyo mbaya, yule kijana wa machungwa alimwagiwa dakika tatu, fosfatasi wakapita wakabandua, akatulia. Mjomba anamwagiwa miezi. Na mtu anayepigiwa kelele muda wote huwa anafanyaje? Anaziba masikio. Chembe za moyo zinafanya hivyo hivyo, tena kwa fosfati: kuna kinasi mwingine ambaye kazi yake ni kwenda kukibandika kipokeo chenyewe cha beta, kikishabandikwa kinafunikwa, na vingine vinavutwa ndani. Kelele nje, viziwi ndani. Juu ya hapo, kwenye mioyo iliyochoka, wabanduaji wanazidi nguvu, kwa hiyo mtoto wa mpinini anapokonywa pipi mapema na kurudi kukaa. Pampu inasuasua, ghala halijai, kalsiamu inazagaa. Na chembe zinazochapwa bila kupumzika nazo zinakufa mojamoja, na moyo hauna kawaida ya kuota chembe mpya za kutosha kuziba mapengo.

Mwaka 1975 huko Göteborg, Sweden, daktari Finn Waagstein na wenzake walifanya kinyume cha vitabu. Wakawapa wagonjwa 7 wa moyo uliotanuka dawa za kuziba vipokeo vya beta, yaani kunyamazisha zile kelele. Wakaona wanapata nafuu. Wenzao wengi hawakuamini, maana vitabu vilisema dawa hizo kwa mgonjwa kama huyo ni sumu. Ubishi ulikwenda zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1999 yakatoka majibu ya utafiti mkubwa wa Ulaya, wagonjwa 2,647: kati ya waliopewa vidonge vya bandia walifariki asilimia 17.3, na kati ya waliopewa bisoprololi, ndugu yake na kile kidonge cha mjomba, asilimia 11.8. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilishaonekana wazi. Jirani wa mjomba yuko kwenye mawazo ya kabla ya 1975. Simlaumu, mabingwa nao walikuwa huko huko.

Dawa hizo hazimpi mgonjwa nguvu siku ya kwanza. Kinyume chake, wiki za mwanzo anaweza kujisikia hovyo, ndiyo maana zinaanzwa kwa kipimo kidogo sana na kupandishwa taratibu, na siyo kila mtu anapewa, mwenye pumu kwa mfano daktari anamwangalia kwa jicho jingine. Lakini miezi inavyokwenda, vipokeo vinarudi mlangoni, moyo unaanza kusinyaa kurudi saizi yake, unasukuma vizuri zaidi. Na ukiikatisha ghafla ni hatari, kwa sababu zile kelele zote zilizokuwa zimezibwa zinakuingilia kwa mkupuo.

Hayo ya mwisho nilimwambia mjomba polepole.

Hakujibu haraka. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ni kama Kitonga?" Mimi nikashangaa, Kitonga imeingiaje? Akasema: "Una tani thelathini nyuma, unapandisha. Kijana mgeni anakanyaga moto na namba kubwa, injini inalia, inachemka, inakufa katikati ya kona. Mzee anaweka namba ndogo. Anakwenda kama kobe. Abiria wa kwenye mabasi wanamcheka. Lakini anafika juu."

Mwezi mzima wa chipsi mayai, na mzee kaimaliza kwa sentensi nne! Nikamwambia ndiyo mjomba, ni Kitonga.

Alinyanyuka, akaenda kwenye msumari, mkono ukaufikia mfuko. Hapo mkaza mjomba, ambaye nilidhani kalala, akasema kutoka chumbani: "Usivimeze!" Kumbe yeye alishawaza mbele yetu wote. Siku kumi na moja mtu hajagusa dawa, unarudije tu? Asubuhi tukapiga simu kule kliniki. Muuguzi aliyepokea alisema maneno machache: asianze mwenyewe kwa kile kipimo cha mwisho, kavedilolo ikikatishwa siku nyingi inabidi daktari aanze naye upya chini, aje, tena aje leo au kesho, na miguu ikoje? Mkaza mjomba akabonyeza kidole kwenye ugoko wa mumewe. Kikaacha shimo. Tukatazamana.

Zamani mgonjwa wa moyo aliyezidiwa nchi hii alikuwa anaomba Mungu na tiketi ya India. Tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, mabingwa wapo, mashine zipo. Lakini kati ya Mkata na bingwa yeyote kuna nauli, kuna mtu wa kumshika mgonjwa mkono, kuna siku ya shamba inayopotea, na kuna jirani. Nauli tulichanga, mama yangu kwa simu, mimi malipo ya makala mbili, na mkaza mjomba alichotoa sijui alikitoa wapi, kilikuwa kimefungwa kwenye pindo lile lile la aina ya pipi.

Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa barabarani tunasubiri basi. Mjomba kakaa kwenye kreti la soda, kavaa shati lake la safari, mfuko wa rambo kaupakata. Likaja basi la Tanga, likapunguza, vijana wakalivamia. Yule wangu mwembamba alikuwemo. Akauza, hela ikachelewa, basi likaondoka, akalifukuza, akaipata. Akarudi akishika kiuno, anahema, kasimama karibu na kreti letu.

Mjomba alimwangalia muda mrefu. Kifua cha kijana kinapanda, kinashuka, kinapanda, halafu taratibu kinatulia. Akanyooka, akajifuta jasho, akatuuliza kama tunataka machungwa.

"Wabanduaji wamepita," mjomba akaniambia chini chini, na yeye mwenyewe anahema, bila kukimbia popote. Halafu akanunua machungwa manne, akalipa kabla basi letu halijafika.